Gemu la Watu Wawili

Fundi Lifti aliliona lile gemu siku ambayo hakuwa akitafuta kitu chochote. Tangu mkewe afariki hakuwa tena mtu wa kutafuta. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za jengo la maduka, mgongo ukutani, akimngoja mwenzake aliyekwenda kununua fyuzi. Mbele yake palikuwa na duka dogo la simu kuukuu, chaja, na gemu zilizokwisha kuchezwa na watu wengine. Kioo cha duka kilikuwa na vumbi. Nyuma ya vumbi hilo, katikati ya gemu la mpira na gemu la magari, walisimama askari wawili wenye helmeti, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na nyuma yao mwezi uliopasuka kama sahani.

Akawatazama. Hakushtuka. Alijiambia tu moyoni, kama mtu anayesoma bango la barabarani: lile la mwezini.

Walikuwa nalo yeye na mkewe miaka ya mwanzo ya ndoa, walipokuwa wakiishi chumba kimoja chenye kochi moja. Jina lake halisi lilikuwa refu na la kigeni, nao hawakujisumbua nalo. La mwezini likatosha. Kisa chenyewe kilikuwa chepesi: huko mwezini watu wamechimba madini mpaka mashine zao zimechoka kutumwa, zimeasi, na askari wawili wanapelekwa kuzizima moja baada ya nyingine. Ugumu ulikuwa kwenye milango. Kila mlango wa huko ulikuwa na mipini miwili, mmoja kulia na mwingine kushoto, na haufunguki mpaka mipini yote ivutwe kwa pamoja. Askari mrefu alikuwa yeye. Mfupi alikuwa mkewe, ambaye hakupenda kufyatua risasi. Alikuwa akikimbia moja kwa moja mpaka kwenye mpini wake, anaushika, kisha anaanza kuzungumza mambo ya sokoni.

"Ukimaliza kuua hizo mashine zako uniambie," alikuwa akisema. "Mkono unaniuma."

Hawakulimaliza. Mtoto alizaliwa, kochi likawa la kunyonyeshea, na diski wakampa jirani aliyekuwa anahama, naye akahama nayo.

"Unatazama nini?" mwenzake akauliza, amerudi na fyuzi mkononi. Wenzake kazini walimwita Twiga, kwa ule urefu wake uliomlazimisha kuinama hata kwenye milango ambayo wengine hawaioni kama milango.

"Hamna."

"Hamna gani wakati umekodoa macho kwenye duka la watoto? Kama unataka kuninunulia zawadi, mimi navaa viatu namba kumi na mbili."

Fundi akainuka, akajipangusa suruali, wakarudi kazini.

Kazi ya lifti ina sheria moja iliyo juu ya sheria nyingine zote, na haikuandikwa ukutani. Mmoja anakuwa juu ya kibanda cha lifti, na mwingine yuko chini kabisa, shimoni, mahali ambapo kibanda kikishuka kupita kiasi hakibakizi nafasi ya mtu kuvuta pumzi. Hawaonani. Kwa hiyo aliye juu hasogezi kitu mpaka aseme, na mwenzake arudie kwa kinywa chake. "Nashuka!" anasema wa juu. "Shuka!" anaitikia wa shimoni. Kama wa shimoni hayuko tayari, anasema "Bado!" na wa juu naye hana budi kurudia "Bado!" na kuondoa mkono kwenye swichi. Kimya si ruhusa. Kimya maana yake mtu amenaswa, au ameanguka, au amekwenda kukojoa, na yote matatu ni sababu tosha ya kutogusa kitu.

Mkewe aliibeba sheria hiyo akaiingiza nyumbani kama mzaha, na mzaha ukageuka desturi ya nyumba. "Naepua!" alikuwa akipaza sauti jikoni, na Fundi, hata kama yuko bafuni na povu usoni, sharti aitikie "Epua!" La sivyo chungu kitaungua na lawama zitakuwa zake. "Nazima taa!" "Zima!" Binti yao alijifunza kuitikia kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Wageni walifikiri ni nyumba ya vichaa.

Sasa nyumba ilikuwa haisemi kitu. Sufuria ziliepuliwa bila taarifa. Taa zilizimwa na aliyezizima.

Mchana huo Fundi alikuwa shimoni na Twiga juu. Alikuwa ameshika tambara, anafuta mafuta yaliyodondoka kwenye springi. Sehemu aliyokuwa anafuta ilikuwa imekwisha kuwa safi, lakini aliendelea kuifuta.

"Nashuka!" ikasikika sauti kutoka juu.

Akasikia. Ile sauti ilimfikia kama inavyofika sauti ya redio ya jirani, ambayo unajua ni maneno lakini hayakuhusu.

"Nimesema nashuka!"

Tambara likazunguka.

"Fundi! Uko hai huko chini?"

"Nipo."

"Sikukuuliza kama upo, baba! Nimesema nashuka!"

"Shuka," akaitikia, akasogea pembeni.

Kibanda kilipofika, Twiga akachungulia kutoka juu, uso umejaa jasho na kero. "Siku moja nitazeekea huku juu nikikungoja wewe. Mke wangu ataletewa babu." Kisha akajutia kulitaja neno mke. Fundi alikwisha kuzoea watu kujuta mbele yake. Nalo halikumgusa. Aliona tu namna midomo ya rafiki yake ilivyojifunga.

Walipofunga kazi alimwambia Twiga atangulie, naye akaingia kwenye lile duka. Hata yeye hakujua kwa nini. Miguu iliingia, naye akawa ndani.

Mwenye duka walimwita Miwani. Alikuwa kijana mwenye miwani ya duara ambayo mkono wake mmoja ulifungwa kwa uzi mweusi. Alikuwa anamwelekeza mteja namna ya kufungua simu iliyokataa kufunguka.

"Shikamoo, fundi. Lifti imepona?"

"Marahaba. Imepona. Lile gemu la askari wawili, linafaa?"

Miwani akageuka kulitazama, akacheka kidogo. "Lile? Inategemea unamuuliza nani. Ukimuuliza mwenye duka, ni gemu zuri ajabu, lichukue uende nalo sasa hivi kabla hajaja mwingine. Ukiniuliza mimi..."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi nitakuambia limezeeka. Picha zake, fundi, sura za watu ni kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Mtu anafungua mdomo leo, sauti inafika kesho. Ukikimbilia kona, unaonyeshwa kisogo chako na ukuta, adui humwoni mpaka akutandike. Na kisa chenyewe kifupi. Ukikaza, kinaisha kabla hujakizoea. Siku hizi kuna gemu ambazo mwezi unauona mpaka mashimo yake, unahisi ukipiga chafya vumbi litaruka. Nikuonyeshe?"

"Lakini?"

"Nimesema lakini?"

"Ulikuwa unaelekea huko."

Miwani akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Lakini hawatengenezi tena kama lile. La watu wawili kukaa kochi moja, bega kwa bega, huyu akikosea mwenzake anampiga kiwiko. Siku hizi kila mtu yuko kwao anacheza na mtu asiyemjua hata jina. Lile ukilicheza peke yako, mashine inakupa mwenzio wa kompyuta. Mjinga huyo! Mjinga kupindukia. Unakuwa mlangoni unamngoja, yeye amesimama kwenye moto anatazama mwezi. Kwa hiyo nakuambia kwa roho safi. Kwa mtu mmoja, usinunue, utalitupa. Kwa watu wawili, nunua hata kama nimekupandishia bei."

"Mwongo huyo," yule mteja wa simu akadakia. "Mimi nacheza peke yangu, na aliniuzia gemu lenye kompyuta hiyo hiyo mjinga."

"Wewe hata simu yako imekukataa, nyamaza." Miwani akavaa tena miwani. "Mimi nalicheza na shemeji yako nyumbani. Tunagombana mpaka jirani anagonga ukuta. Haya, fundi. Unalitaka la mtu mmoja au la watu wawili?"

Fundi alifungua mdomo. Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa mahali fulani, lakini kila alipolifuata alikuta pameganda. Alifikiria nyumbani. Alifikiria sanduku la bluu lililokuwa limesimama ukumbini tangu juzi.

"Nitarudi," akasema.

Lile sanduku lilikuwa la binti yake. Jumapili shangazi mtu angekuja kumchukua akaishi naye, asome huko, mpaka mambo yatengemae. Ndivyo alivyosema huyo dada yake Fundi. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, amezoea kupikia mamia, na kwa sababu hiyo hajui kuzungumza na mtu mmoja mmoja. Akija nyumba nzima inajua, na ghorofa ya juu na ya chini pia. Alikuja mwezi uliopita, akakuta baba na mwana wanakula bila kutazamana, chai imepoa mezani haina mwenyewe. Akainuka akasema: "Kaka, nakupenda, lakini umezimika. Mtoto wa kike hawezi kukua kwenye nyumba iliyozimika. Nitamchukua." Binti alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Wote wawili walimtazama Fundi. Naye akasema, "Haya."

Hakuwa na nia mbaya. Aliambiwa jambo, akasema haya, kama alivyosema haya alipoambiwa asaini karatasi za hospitali, na haya alipoambiwa achague rangi ya kitambaa cha kuzikia. Neno hilo lilikuwa limebaki mdomoni mwake baada ya mengine yote kuondoka.

Alipofika nyumbani jioni ile alikuta binti anakunja nguo. Alikuwa amefikia umri ule wa kuwa mrefu ghafla, mikono imetangulia mwili, na kukunja kwake shati kulikuwa kule kule kwa mama yake: mikono ndani kwanza, kisha kola.

"Umeshindaje, mama?" akamwuliza.

"Salama. Chakula kipo jikoni."

"Umekula?"

"Nimekula."

Akapita. Kikombe cha chai alichojimiminia kilikuwa cha moto, akakishika kwa viganja vyote viwili na kukaa nacho hivyo muda, na alipokiweka chini aliona viganja vimekuwa vyekundu. Akavitazama kama vya mtu mwingine. Kisha akaenda chumbani, akapiga magoti, akavuta boksi lililokuwa chini ya kitanda. Mashine ya gemu ilikuwepo, nyaya zimefungwa vizuri. Na padi zile mbili za kuchezea, zenye vibonyezo vilivyofutika herufi, zilikuwa zimeviringishwa pamoja katika mtandio wa mkewe wa kijani, ule aliosema umepotea. Kumbe haukupotea.

Akazirudisha zilivyokuwa.

Kesho yake wakati wa mapumziko akasimama tena mbele ya Miwani.

"Umeamua? Mmoja au wawili?"

"Sijui."

Miwani alimtazama, na safari hii hakufanya mzaha. Pengine mtu alikuwa amemweleza. Majengo ya maduka hayana siri. Akalifungua kabati, akaitoa ile diski, akaigeuza kwenye mwanga, akaipulizia. "Chukua. Ukiona ni ya mtu mmoja, nirudishie. Na usimwambie mtu kama nimekuambia hivyo, maana hapa vitu havirudishwi."

Nje, Twiga alikuwa anangoja. "Kweli umenunua? Mtu na ndevu zake?"

"Limezeeka," Fundi akasema. "Picha ni kama sabuni."

"Sasa umelinunulia nini?"

"Sijui, Twiga. Acha."

Twiga akaacha. Lakini walipokuwa wanapanda ngazi akamwekea mkono begani, mkono mrefu unaoshuka kutoka juu kama tawi, na akauacha hapo mpaka ghorofa iliyofuata.

Jumamosi mchana, binti akiwa chumbani mwake, Fundi aliunganisha mashine kwenye televisheni. Alishangaa ilipowaka. Nyota zikatokea, muziki ule ule wa kishindo, mwezi ukapasuka. Akachagua kucheza peke yake, kwa sababu alikuwa peke yake.

Miwani alikuwa amesema kweli. Vidole vilikumbuka, lakini askari mfupi wa kompyuta alikuwa taabu tupu. Alikwama kwenye kona akitembea bila kusogea. Alipofika mlango wa kwanza akashika mpini, akauachia, akaenda kutazama ukuta. Mashine zikaja zikamwua askari mrefu, na maandishi mekundu yakajaa skrini. Fundi akaanza tena. Akafa tena. Hakukasirika wala hakuacha. Angeweza kufa hivyo mpaka giza liingie.

"Ni gemu gani hilo la kizee?"

Binti alikuwa amesimama nyuma ya kochi, shati la shule begani.

"La zamani. Mimi na mama yako tulikuwa tunacheza."

"Mama? Anacheza gemu?" Halafu akajirekebisha, kwa sauti ndogo. "Alikuwa anacheza?"

"Alikuwa anashika mlango."

Binti aliitazama skrini. Askari mfupi alikuwa kwenye moto, ametulia. "Huyu naye ana nini?"

"Ni kompyuta."

"Mbona zezeta hivyo?" Akazunguka kochi, akaona mtandio wa kijani, akaugusa kwa ncha ya kidole na kuuacha. Akachukua padi ya pili. "Nabonyeza wapi?"

Akakaa. Hakukaa karibu, lakini kochi lilikuwa lile lile la zamani, limebonyea katikati, halimwachi mtu akae mbali na mwenzake kwa muda mrefu.

Binti alijifunza haraka, na tofauti na mama yake alipenda kupiga. Alizifyeka mashine kama anayepalilia. Walifika mlangoni. Akashika mpini wake. Fundi akashika wake.

"Nafungua!" akasema Fundi.

Hakujua kama amesema. Lilitoka lenyewe, kama kikohozi.

Binti hakusema kitu. Fundi naye hakuvuta. Mashine zikajikusanya nyuma yao, zikawamaliza wote wawili.

Wakaanza tena. Wakafika. "Nafungua!" Kimya. Vidole vya Fundi vilikaa juu ya kibonyezo, vimetulia, kama mkono wa fundi juu ya swichi. Wakafa.

Mara ya tatu binti aliweka padi mapajani. "Baba, unangoja nini?"

Ndipo Fundi alipojisikia mwenyewe, na kuona kilichokuwa kimemshika mkono. "Hujaitikia," akasema.

Nje mtu alikuwa anapigilia misumari, pigo moja moja bila haraka.

"Mimi sikujua kama bado tunaitikiana," binti akasema.

Akaendelea huku ameikazia macho skrini. "Shangazi aliposema atanichukua uliitikia."

"Nilisema haya."

"Ndiyo. Ulisema haya." Akaichukua tena padi. "Cheza, baba."

Wakacheza. Walipofika mlangoni Fundi akasema "Nafungua," na safari hii binti akaitikia "Fungua," bila mzaha wowote, kama mtu anayelipa nauli. Mlango ukafunguka. Baada ya huo ukaja mwingine, na mwingine. Waliitikiana mpaka mwanga wa dirishani ukahamia ukuta wa pili. Hakuna aliyecheka, isipokuwa mara moja, pale binti alipodondoka shimoni kwa haraka zake na Fundi akasema, "Ndiyo maana tunaita kabla ya kushuka," naye akatoa sauti puani ambayo ingeweza kuwa kicheko kama ingeachiwa. Walifika mlango mkubwa wa mwisho, ule ambao Fundi na mkewe hawakuupita. Uliwashinda. Wakaacha hapo. Binti akaenda kupiga pasi shati lake.

Jumapili shangazi aliingia kabla hajabisha.

"Hodi humu! Mbona kiza? Fungueni mapazia, jua ni la bure! Kaka, umekonda, nani anakulisha? Njoo mwanangu nikubusu. Umefunga kila kitu? Nguo za ndani? Mswaki? Msije mkanirudisha njiani kwa ajili ya mswaki." Alikuwa anaongea na tayari ameshika sanduku, tayari ameosha vikombe viwili alivyovikuta mezani. Alikuwa na upendo mwingi, na mikono isiyojua kukaa. "Hii mashine imetokea wapi? Na nyaya zote hizi, mtu akijikwaa?"

"Ni ya baba," binti akasema.

"Baba yako ana miaka mingapi? Haya, twende, gari halitungoji."

Fundi alitembea nyuma yao mpaka kwenye lifti, miguu mitupu, kwa sababu hakukumbuka viatu. Ile lifti ya jengo lao alikuwa akiitengeneza mwenyewe, bila kuombwa; aliujua kila mlio wake. Ikafika. Shangazi akaingia, akavuta sanduku. Binti akaingia, akageuka. Fundi akabaki nje, kwenye korido. Shangazi alikuwa bado anaongea, habari ya shule, habari ya kitanda alichomtandikia, habari ya majirani wa huko walivyo watu wazuri.

"Bonyeza tushuke, mwanangu," akasema.

Binti aliweka kidole kwenye kibao, lakini alikiweka kwenye kibonyezo cha kuzuia mlango usifunge. Akamtazama baba yake. Uso wake ulikuwa mkavu, hauombi kitu.

"Baba," akasema. "Tunashuka."

Kisha akangoja.

Fundi alilijua neno lililotakiwa. Alikuwa amelisema maisha yake yote ya kazi, mara zisizo na hesabu, akiwa na usingizi, akiwa na homa, akiwa na mawazo. Ni neno moja, halina uzito. Lilikuja mpaka kwenye meno likasimama hapo. Akatazama sanduku la bluu. Akatazama mikono mirefu ya binti yake, na kidole kilichogandamiza kibonyezo mpaka kucha imekuwa nyeupe.

"Mbona mlango haufungi?" shangazi akauliza. "Kaka, lifti yako mbovu."

"Siyo mbovu," binti akasema. "Hajaitikia."

"Hajaitikia nini?"

Lifti ikaanza kulia ule mlio wake mwembamba wa kulalamika mlango umezuiwa muda mrefu. Chini kuna mtu alikuwa anagonga, anaitaka. Fundi alisikia vyote hivyo kwa mbali. Hakujisikia huzuni wala furaha. Hakukuwa na kitu kikubwa kilichofunguka kifuani. Alichohisi kilikuwa kidogo mno kiasi kwamba ilimchukua muda kukitambua: sakafu ilikuwa baridi. Ilikuwa baridi sana chini ya nyayo zake, na pengine ilikuwa hivyo siku zote.

"Bado," akasema.

Sauti ilitoka imekauka, kama ya mtu aliye shimoni muda mrefu.

"Bado nini? Bado saa ngapi?" shangazi akageuka huku na huku. "Kaka, ongea kama watu!"

Lakini binti alikuwa amekwisha kuelewa, kwa maana sheria ni sheria, na aliyeambiwa lazima arudie kwa kinywa chake kabla ya kuondoa mkono.

"Bado," akasema.

Akatoa kidole kwenye kibonyezo. Mlango ulipoanza kufunga, akaingiza mguu, akalishika sanduku la bluu kwa mikono miwili na kulivuta likatoka, likimkwaruza shangazi kwenye goti.

"Mmerogwa!" shangazi akapiga kelele, naye akatoka haraka kabla mlango haujamfungia, mkoba umening'inia kwenye kiwiko. "Wote wawili mmerogwa! Na gari je? Na kitanda nilichotandika?"

Lifti ikashuka peke yake kumfuata yule aliyekuwa anagonga. Binti akaanza kulikokota sanduku kurudi ndani. Gurudumu lake moja lilikuwa bovu, likalia njia nzima.

"Shangazi, ingia unywe chai," akasema bila kugeuka. "Kuna mlango umetushinda."